Mtoto Anapokukimbia Siku ya Kurudi

Ndugu msomaji, labda mambo haya umeyaona kwa macho yako, au yamekupata wewe mwenyewe. Gari linatoka Misisi. Limepita Lulimba, Fizi na Baraka, na sasa jioni linaingia Uvira. Baba mmoja anashuka na mfuko wake, vumbi toka kichwani mpaka viatuni, anapanda njia ya Songo kwa miguu. Ni mwaka mmoja na miezi mitano hajaiona nyumba yake. Mkononi ana biskuti na nguo ndogo nyekundu ya binti yake. Anafika uani, anapiga magoti, anafungua mikono. Mtoto anamwangalia mara moja tu, anapiga kelele, na kukimbilia ndani ya kikwembe cha nyanya yake.

Watu wa uani wanacheka. Baba hacheki. Usiku ule anamwuliza bibi yake maulizo mabaya. Asubuhi mapema yuko mlangoni pa mchungaji: "Pasta, minatumaka makuta kila mwezi. Mutoto ananikimbiaka sawa vile anaona mwizi. Ni nani anamufundishaka?"

Ulizo hili limefika kwangu mara nyingi. Mmoja anasema mama amemfundisha mtoto kumchukia baba. Mwingine anasema mtoto huyu labda si wangu. Na wako wanaosema neno baya kuliko yote, kwamba mtoto ana uchawi. Basi leo tuzungumze pole pole. Mtoto yule hakufundishwa na mtu, wala hana uchawi. Anafanya kazi ambayo Mungu ameipanda ndani ya kila mtoto mchanga.

Mama mgeni katika vijiji vya Buganda

Wataalamu wa elimu ya nafsi wanaita kazi hiyo mshikamano: namna moyo wa mtoto unavyojifunga kwa mtu fulani, na namna kifungo hicho kinavyomsaidia baadaye kupenda na kuamini watu wengine. Watu wengi wanafikiri elimu hii ni ya Wazungu, ya huko kwao. Kumbe sehemu kubwa ya msingi wake ilichimbwa si mbali nasi.

Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mama aliyesomea mambo ya nafsi na aliyekulia Kanada, alifika Kampala pamoja na mume wake. Mbele ya hapo alikuwa ametumika London na daktari John Bowlby. Daktari huyu alikuwa ameandikia Shirika la Afya Ulimwenguni ripoti, mwaka 1951, juu ya watoto waliopoteza makao yao. Ndani yake alisema mtoto anahitaji mapendo ya kudumu ya mama, au ya mtu anayesimama mahali pa mama, na akikosa hayo nafsi yake inaumia. Wakati ule wataalamu wengi walifundisha namna nyingine. Walisema mtoto mchanga anampenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Anayeleta chakula ndiye anayependwa, basi.

Angalia vizuri, msomaji: hayo ndiyo mawazo ya baba yetu wa Misisi. Minatumaka makuta, kwa hiyo mtoto anijue.

Mama Ainsworth alikwenda katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikuwa na Katie Kibuka, mama aliyemfasiria lugha. Walichagua jamaa 26 zenye watoto wachanga 28, wakawa wanazitembelea kila majuma mawili, karibu saa mbili kila mara, kwa miezi mingi. Alikuja na ulizo moja hasa. Alisikia kwamba Waganda wana desturi ya kumpeleka mtoto kwa nyanya yake anapoachishwa ziwa, naye alitaka kuona kutengana kule kunamfanya nini mtoto. Lakini alikuta desturi ile imekwisha karibu yote katika nyumba alizozitembelea. Mwingine angefunga mizigo yake. Yeye alikaa, akaangalia tu.

Aliona nini? Aliona mtoto anatambaa kutoka kwa mama, anafika mlangoni, anageuka kumtazama, anarudi, anagusa goti lake, halafu anakwenda tena, mbali kidogo kuliko mara ya kwanza. Wewe uliyekaa kando ya ziwa unaelewa jambo hili upesi. Mvuvi wa Kalundu anaingia ndani ya Tanganyika usiku na taa yake kutafuta ndagala, anakwenda mbali, kwa sababu anajua pwani iko wapi. Mtu asiyejua pwani iko wapi hathubutu kupiga kasia. Mama ndiye pwani ya mtoto. Na mama alipotoka na kurudi, watoto wengi wa Waganda walimpokea kwa kupiga makofi na kelele za furaha. Hawakubusu wala kukumbatia kama watoto wa Ulaya na Marekani. Kila watu na salamu yao, lakini furaha ni ile ile.

Kitabu chake, *Infancy in Uganda*, kilitoka mwaka 1967. Anaeleza kwamba watoto 16 walikuwa na mshikamano wenye utulivu. Watoto 7 walikuwa na wasiwasi, wanalia sana hata wakiwa karibu na mama. Na 5 walikuwa bado hawajaonyesha kumshika mama kuliko watu wengine. Tofauti ilitoka wapi? Haikutoka katika wingi wa walezi: mama aliyesaidiwa na watu wengine hakuonekana kumharibu mtoto kwa sababu hiyo peke yake. Tofauti moja iliyomshangaza ilikuwa hii: mama wa watoto watulivu walikuwa na habari nyingi za kusimulia juu ya watoto wao. Ukimwuliza mama wa namna hiyo, anakuambia mtoto anaogopa nini, analala upande gani, analiaje akiwa na njaa na analiaje akiwa na usingizi. Alimjua kwa sababu alimwangalia na kumwitikia.

Mimi katika shule ya Biblia nilifundishwa kuhubiri juu ya mtoto kumtii mzazi. Juu ya mzazi kuitikia kilio cha mtoto sikufundishwa hata saa moja. Lakini Hana alikuwa katika Biblia ile ile. Soma 1 Samweli sura ya 2: alimwacha mwana wake hekaluni, lakini kila mwaka alimshonea joho dogo na kumpelekea. Anayemshonea mtoto asiyekaa naye lazima awe anafikiri mabega yake yamefika wapi sasa.

Walezi wengi si sawa na mlezi yeyote

Wako wanaosema: sisi Waafrika mtoto ni wa watu wote, maneno haya ya mama mmoja hayatuhusu. Neno hili lina kweli ndani yake. Hapa hapa katika inchi yetu, katika pori la Ituri, Edward Tronick, Gilda Morelli na wenzao walikaa na Waefe katika miaka ya 1980 na kitu. Waliona kwamba mtoto wa miezi minne alikuwa mikononi mwa watu wengine zaidi ya nusu ya wakati wa mchana. Shangazi, nyanya, dada, jirani, wote walimbeba, na hata mama wengine walimnyonyesha. Lakini usiku alilala na mama yake, na kadiri alivyokaribia mwaka mmoja alianza kumtaka mama huyo hasa. Na kule Kenya, kwa Wagusii, utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha mtoto mchanga anashikamana na mama, na vilevile na dada mdogo anayemlea mchana wakati mama yuko shambani. Watoto wale walizoea kusalimiwa kwa kupewa mkono, basi hata wachanga wananyosha mkono wao kungojea.

Kwa hiyo moyo wa mtoto unaweza kushika watu wawili, watatu, wanne. Shida yetu ni nyingine. Mtoto yuko Songo kwa nyanya miezi mitatu, halafu anapelekwa kwa mama mdogo Kavimvira, halafu Baraka kwa shangazi kwa sababu nyanya anaumwa, halafu anarudishwa kwa jirani. Hao si walezi wengi. Hiyo ni mizigo kupandishwa na kushushwa njiani. Waefe walikuwa wengi, lakini walikuwa wale wale kila siku.

Kimya kinachotudanganya

Sasa turudi kwa mtoto anayekimbia. Binti wa baba yetu alikuwa na miezi saba baba alipoondoka. Kwa umri ule alikuwa ameanza tu kutenganisha watu wake na wageni. Sasa anaanza kuzungumza, na mtu mrefu mwenye ndevu anaingia uani na kumnyoshea mikono. Angefanya nini? Mtoto anayekimbilia kwa nyanya anaonyesha kwamba ana pa kukimbilia. Baba, badala ya kukasirikia kikwembe kile, umshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mimi namwogopea zaidi mtoto mwingine, yule asiyekimbia wala kulia. Mwaka 1952 James Robertson, aliyetumika pamoja na Bowlby, alionyesha filamu ya binti wa miaka miwili aliyelazwa siku nane katika lopitali moja London, wakati ambapo wazazi hawakuruhusiwa kukaa na mtoto. Kutokana na watoto wa namna hiyo Robertson na Bowlby walieleza hatua tatu. Kwanza mtoto analia na kutafuta. Kisha anakata tamaa, ananyamaza, anakaa pembeni. Hatua ya tatu ndiyo inayotudanganya: anakula, anacheza, anachekea kila mtu, nasi tunasema amezoea. Siku mama anarudi, anamwangalia kama mtu anayepita njiani.

Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, Mama Ainsworth alitengeneza mtihani mdogo wa dakika kama 20. Mama anatoka chumbani kidogo, kisha anarudi. Alijifunza kuangalia hasa namna mtoto anavyompokea. Mtoto mtulivu analia, anamwendea, anabembelezwa, anarudi kucheza. Mwingine anang'ang'ania na huku anapiga mateke. Wa tatu hageuzi hata kichwa, anaendelea na vitu vyake vya kuchezea. Lakini wataalamu walipompima huyo wa tatu, mwaka 1977, waliona moyo wake unapiga mbio. Uso umenyamaza, moyo unakimbia.

Kosa langu

Naandika hapa jambo ambalo sipendi kulikumbuka. Miaka iliyopita bwana mmoja na bibi yake walirudi kutoka Kamituga. Mwana wao alikuwa amebaki Songo kwa nyanya miaka mitatu, na sasa alikuwa na miaka minne. Nyanya aliomba wamwachie kidogo. Waliniletea ulizo, nami nikajibu upesi, kama mtu mwenye hekima: mtoto ni wa baba na mama, mchukueni. Wakamchukua alfajiri angali analala, wakamweka ndani ya gari ili asilie.

Mtoto aliamka njiani. Walipofika Kamituga aliacha kusema. Akawa anakojoa kitandani na kuficha bugali chini ya mkeka. Usiku alikaa macho wazi mlangoni. Majirani walianza kunong'ona kwamba mtoto gani halali usiku. Kisha watu wa nyumba moja ya maombi wakasema ametumwa na nyanya yake, afungishwe chakula siku tatu ili asemeshwe. Mama alipata nguvu ya kunipigia simu. Nilipofika nilimkuta mtoto amekonda, anashika ukuta.

Wapendwa, mnisikilize. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka malipizi juu ya anayefanya hivyo. Lakini hata kama sheria isingekuwako, mtoto yule hakuwa na pepo. Alikuwa na huzuni. Alifiwa, na sisi wenyewe ndio tuliomfanyia matanga bila kumwambia. Kumnyima mtoto wa huzuni chakula kwa jina la Yesu ni zambi, na mwanzo wa zambi ile ulikuwa shauri langu.

Tulimleta nyanya Kamituga, akakaa nao miezi miwili. Mtoto alianza kusema juma la pili. Neno lake la kwanza lilikuwa kuomba maji, kwa nyanya. Mama yake alilia, maana hakuombwa yeye. Nilimwambia angoje. Aliletewa kombe na nyanya amwoshee mtoto pamoja naye, ampike naye, amlaze naye, mpaka mikono ile miwili ikawa kitu kimoja machoni pa mtoto. Ndivyo nilivyopaswa kusema tangu siku ya kwanza.

Ukiondoka, aga

Wazazi wengi wanatoroka saa kumi ya usiku ili mtoto asilie. Mtoto halii, kweli. Lakini toka siku ile anamfuata mama yake mpaka chooni, kwa sababu amejifunza kwamba watu wanapotea mtu akilala. Aga mchana, mbele yake, mwambie unakwenda wapi na nani anabaki naye. Atalia, na kilio kile ni cha haki. Mwache na mlezi mmoja anayejulikana, na vitu vyake vya kawaida, hata nguo yako yenye harufu yako.

Unapotuma feza, kumbuka tumbo la nyanya pia. Mlezi mwenye njaa hana uvumilivu wa kumwitikia mtoto anayelia. Na simu, usipigie mambo ya deni na kodi tu. Ulizia habari ndogo: meno mangapi, anaogopa nini, amejifunza neno gani. Mtoto mdogo haelewi sauti isiyo na uso, basi nyumbani mwonyesheni picha ya baba na kutaja jina lake wakati wa kuomba. Na siku ya kurudi, usimkamate. Kaa chini, zungumza na nyanya, kula bugali yako. Acha yeye apime mwendo.

Nanyi vijana

Mnaweza kufikiri haya ni mambo ya watoto wachanga. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha matokeo ya maulizo waliyoweka katika gazeti moja la Denver, Marekani, juu ya mapendo ya watu wazima. Waliojibu walijigawanya karibu sawa na watoto wa Mama Ainsworth. Zaidi ya nusu waliona si vigumu kumkaribia mwenzao na kumtegemea. Karibu robo walisema wanajisikia vibaya mtu akiwakaribia sana. Waliobaki waliogopa daima kuachwa.

Hayo unayaona machimboni kila siku. Kijana ana mchumba Lulimba, mwingine Misisi, na akiulizwa juu ya ndoa anabadilisha shimo. Dada naye anapiga simu mara ishirini kwa siku, na isipojibiwa anaona amekufa. Tunawaita wahuni na wenye wivu, na pengine ndivyo walivyo. Lakini uliza pia nani aliwapokea wakati wa kulia. Baba wengi wa leo walikuwa watoto mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipoingia Uvira. Wengine walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakakulia katika kambi ya Nyarugusu. Wengine walikaa miezi hawajui mama yuko wapi. Mtu wa namna hii, mtoto wake akilia, anatoka nje ya nyumba au anapiga. Hajui kwa nini. Kilio kile ni chake mwenyewe cha zamani.

Mambo hayo si hukumu ya milele. Wataalamu wameona watu waliokosa mshikamano utotoni wakaupata ukubwani, kwa mwenzi wa ndoa mwaminifu, kwa mwalimu, kwa mtu aliyewasikiliza wakaweza kusimulia maisha yao yote bila kuficha. Msichana, ukitaka kumpima kijana anayekuposa, usihesabu gramu zake za zahabu tu. Mwangalie anavyofanya unapokuwa mgonjwa au unapohuzunika.

Baba yule wa Misisi nilimwambia arudi nyumbani asifanye kitu. Hakupenda shauri hilo, alitaka maombi makubwa. Tuliomba, kisha nikarudia: kaa uani, tengeneza kiti kilichovunjika, usimwite. Siku ya nne mtoto alikuja mpaka kwenye kamba ya nguo. Siku ya tisa baba alikuja kwangu kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anacheka kama mtu aliyelewa. Mtoto alikuwa amechukua kiatu kile, amekizungusha uani, halafu akamrudishia mwenyewe.

Alikaa mwezi na nusu, kisha akarudi machimboni, maana deni lilikuwa bado. Safari hii aliaga saa nne mchana, mbele ya wote. Mtoto alilia sana na kumshika suruali. Nyanya alimtoa kidole kimoja kimoja.